Dole Gumba la Mwalimu Mkuu

Mwisho wa muhula unapokaribia, katika saiba za Nkubu, Maua, Runyenjes na Siakago, miji ya kaunti za Meru na Embu nchini Kenya, hutokea jambo ambalo wanafalsafa wangelifurahia kama wangekuwa na subira ya kupanga foleni. Mwalimu huingia na simu yake mkononi, akataja namba yake ya Tume ya Huduma za Walimu (TSC) na nywila, kisha akaketi kando huku kijana wa kompyuta akimjazia fomu ya kujitathmini. Fomu inauliza, pamoja na mengine, iwapo mwalimu hutumia teknolojia katika kazi yake. Kijana anaweka alama nzuri, maana hakuna anayelipa ili apewe alama mbaya, na kazi imekwisha. Nafsi ya kwanza imejibiwa na nafsi ya tatu. Kucheka hapa ni rahisi, na waliotaka kucheka wamekwisha kucheka. Mimi naona tukio hili lina swali gumu kuliko linavyoonekana. Je, mwalimu huyo amedanganya? Na kama amedanganya, amedanganya kuhusu vidole vyake au kuhusu akili yake?

Swali hilo lingekuwa la mzaha kama kazi ya mwalimu ingebaki ilivyokuwa. Haikubaki. Mwaka 2016 Tume hiyo ilisambaza nchini kote TPAD, mfumo wa kutathmini utendaji wa walimu, ambao vyama vya walimu viliupinga na ambao baadaye ulihamia mtandaoni: mwalimu hujipa alama kwanza, msimamizi wake akampa zake, kisha wakakaa wakubaliane. Mwaka huohuo vishikwambi vilianza kufika katika shule za msingi za umma, masalio ya ile ahadi ya kampeni ya 2013 kwamba kila mtoto wa darasa la kwanza angepewa kipakatalishi. Mwaka 2017 ukaja NEMIS, mfumo wa kuwasajili wanafunzi wote, na pamoja nao mtaala wa umilisi uliotaja ujuzi wa kidijitali kuwa miongoni mwa umilisi saba wa msingi. Januari 2023 Gredi ya 7, mwanzo wa sekondari msingi, ilifunguliwa ndani ya shule za msingi. Mwalimu mkuu aliyesomea cheti cha ualimu wa msingi, P1, huko Egoji au Kigari, enzi ambapo vifaa vya kufundishia vilikuwa chaki na karatasi ya manila, akajikuta msimamizi wa walimu wenye shahada na wa alama za wanafunzi zinazopakiwa moja kwa moja kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani. Mwalimu wa Tigania anayetamani unaibu wa mwalimu mkuu leo ana kila sababu ya kujiuliza kama anaiweza kazi hiyo. Shida ni kwamba hajapewa kipimo kinachofaa.

Neno tathmini ni ndugu wa damu wa neno thamani. Yote mawili yametoka kwenye mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya bei. Kujitathmini, basi, ni kujitia bei, na kila aliyewahi kushusha ndizi katika soko la Gakoromone anajua kwamba bei haitangazwi na mwenye ndizi peke yake. Anaweza kutaja anayoitaka. Bei yenyewe hupatikana mnunuzi anapoligeuza chane, akalitazama upande wa chini, akatikisa kichwa. Vipimo vingi vya ujuzi wa teknolojia husahau jambo hili na kugeuka orodha. Unaweza kuandika barua kwa kompyuta? Kutengeneza jedwali? Kuonyesha slaidi? Kuitisha mkutano kwa video? Ndiyo, kiasi, hapana. Hata mfumo wa UNESCO, ambao toleo lake la 2018 lina umilisi 18 uliopangwa katika ngazi tatu na ambao umefikiriwa kwa makini zaidi, ukiangukia mikononi mwa mwenye haraka huwa orodha ya kutia vema. Orodha hizo hupima vidole. Na mwenye vidole vyepesi kuliko wote shuleni mara nyingi ni mwalimu mwanagenzi aliyehitimu juzi. Sijasikia mtu akipendekeza kwamba kwa sababu hiyo akabidhiwe ofisi.

Nadhani tutapata mwanga katika jambo la zamani kidogo ambalo eneo hili linalijua kwa uchungu. Baada ya mpango wa Swynnerton wa 1954, mpango wa kikoloni wa mageuzi ya kilimo na ardhi, ardhi ya Embu na Meru ilianza kupimwa, kuunganishwa na kuandikishwa. Zamu ya Mbeere, hukohuko Embu, ilifika baadaye, miaka ya 1970, na mwanaanthropolojia Jack Glazier ameandika kitabu kizima kuhusu jinsi koo zilivyoishindania. Teknolojia ya wakati ule ilikuwa ramani, rejista na hati miliki. Wazee wengi hawakujua kusoma. Walitia dole gumba kwenye karatasi iliyoandikwa na mtu mwingine. Kwa orodha zetu za leo wote wangepata sifuri ileile, lakini hawakuwa sawa hata kidogo. Yupo aliyetia dole kwa kuwa karani alimwambia atie. Na yupo aliyekuwa ameutembea mpaka wake kwa miguu, akaujua mti kwa mti hadi kijitoni, kiasi kwamba maelezo yaliposomwa mbele ya kamati na kijito kikaangukia upande usio wake, alisimama akasema hapana. Huyu wa pili hakujua kuchora ramani wala kuisoma. Alijua kama ramani inasema kweli. Kwenye wino madole hayo mawili yalifanana, na hata hivyo moja lilikuwa sahihi, kwa maana zote mbili za neno hilo, na jingine lilikuwa doa tu.

Kiswahili chenyewe kimeiweka tofauti hii wazi ingawa hatuitazami. Tunasema najua ku-: kuogelea, kutuma, kupakia. Tunasema najua kwamba: kwamba mto una kina, kwamba siku ya mwisho ni Ijumaa. Mwanafalsafa Mwingereza Gilbert Ryle, katika kitabu chake cha 1949, alijenga hoja kubwa juu ya pengo lililo kati ya hizo mbili. Lakini tunasema pia najua kama: najua kama chumvi imekolea, najua kama huyu ananificha jambo. Ujuzi huu wa tatu hauhitaji ule wa kwanza kwa ukamilifu. Mlaji anajua kama githeri imeiva hata kama hajawahi kuinjika sufuria. Dai langu ni kwamba ujuzi wa teknolojia unaompasa kiongozi wa shule ni huo wa tatu: kutambua kwamba kazi iliyofanywa kwa jina lake, kwa kidole kisicho chake, imekwenda kombo, na kutambua mapema, ingali inarekebishika. Akiwa pia na vidole vyepesi, vizuri, ni nyongeza.

Tuitazame kazi yenyewe kwa karibu. Kiwango kilichowekwa na serikali kwa mwanafunzi wa sekondari msingi ni Sh15,042 kwa mwaka, ilhali yule wa shule ya msingi ana Sh1,420 na yule wa sekondari ya kutwa Sh22,244. Kwa miaka kadhaa pesa hizo zilifuata majina yaliyo ndani ya NEMIS, si vichwa vilivyo darasani, na jina halikuingia bila namba ya cheti cha kuzaliwa. Sasa msichana anaitwa Nkatha kwenye rejista ya darasa na Nkaatha kwenye cheti, kwa kuwa tahajia ya majina ya Kimeru hutegemea karani wa siku hiyo. Mvulana hana cheti kabisa. Alizaliwa nyumbani na hakuna aliyekwenda kwa msajili. Watatu wamehamia kutoka shule jirani ambayo haijawaachilia kwenye mfumo, hivyo kompyuta inasisitiza kwamba wako kule ilhali wameketi hapa, na sare mpya. Karani anajaza anavyoweza. Saa tisa mtandao unapotea. Siku ya mwisho inafika orodha ikiwa na upungufu wa watoto kumi, na Sh150,420 haziji, ingawa madawati, vitabu na chaki za watoto hao kumi zitahitajika vilevile.

Sasa fikiria wakuu wawili wa shule hiyo. Wa kwanza huingia kwenye mfumo mwenyewe, anakijua kila kitufe, huandika majina haraka na akiona neno la kwamba taarifa zimehifadhiwa hufunga kompyuta akaenda zake. Wa pili hakumbuki hata nywila imeandikwa wapi. Ila kila Ijumaa humwita karani, akamwomba idadi ya waliosajiliwa, akailinganisha na rejista za madarasa, na akiona 312 mahali pa 322 huuliza kumi hao ni akina nani, kwa majina. Orodha ya kutia vema itampa wa kwanza tuzo. Shule inamhitaji wa pili. Na tusimpunguzie huyu wa pili sifa yake kwa kudhani kwamba ni mjinga mwenye bidii tu. Yapo mambo ya mfumo anayoyafahamu vizuri sana: kwamba kuhifadhiwa si kukubaliwa, kwamba mtoto hawezi kuwa katika shule mbili, kwamba namba hii huzaa pesa ile. Ameutembea mpaka. Hiyo ni elimu, na hufundishika, ila sijaona semina nyingi za kompyuta zinazoanzia hapo. Nyingi huanza na jinsi ya kuwasha mashine.

Kujua kama hakuishii kwenye hesabu. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja nchini faini ya Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, chini ya sheria iliyopitishwa mwaka 2019. Yeyote aliyezipakia picha hizo alijua kupiga picha na alijua kupakia. Vidole vilifanya kazi yao barabara. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza kama picha hizi ni zetu kuzitoa. Swali hilo halimo kwenye kompyuta yoyote. Huulizwa na mtu ambaye, kwa cheo chake, jina lake ndilo litakaloitwa.

Pingamizi la kwanza ninalolisikia ni kwamba nimewafungulia wavivu mlango. Mkuu asiyetaka kujifunza atasema yeye ni mtu wa kujua kama, kisha arudi kwenye gazeti lake. Ningemjibu kwamba kipimo hiki ni kigumu kuliko kile cha vidole. Kujifunza kutengeneza jedwali ni kazi ya alasiri mbili. Kujua kama jedwali uliloletewa na mhasibu linaficha kitu kunahitaji uelewe jedwali hufanyaje kazi, pesa za shule huingia kwa njia zipi na hutoka kwa zipi, na mhasibu mwenyewe ni mtu wa namna gani. Tena kipo kiwango cha chini ambacho bila hicho hakuna kujua kama hata kidogo. Mtu asiyejua kwamba ujumbe uliofutwa kwenye simu yake huenda ungalipo kwenye simu ya mwenzake hawezi kuamua lolote la maana kuhusu kundi la WhatsApp la wazazi. Mzee wa mpakani hakujua kusoma, lakini alijua karatasi ni nini na inaweza kumfanya nini. Anayeanzia chini ya hapo na ajifunze, na apewe muda na mwalimu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na limetoka maabara. Mwaka 1999 Justin Kruger na David Dunning wa Chuo Kikuu cha Cornell walichapisha utafiti unaonukuliwa kila mahali, mara nyingi kwa kejeli. Waliwapa wanafunzi majaribio ya mantiki, sarufi na ucheshi, kisha wakawauliza wanadhani wamefanyaje. Waliokuwa katika robo ya mwisho, ambao kwa wastani waliwashinda watu 12 tu katika kila 100, walidhani wamewashinda 62. Kiswahili kilikuwa kimekwisha kutuambia kwamba nyani haoni kundule. Cornell wameleta tarakimu. Basi mpinzani atasema: kujipima ni kupoteza muda, afadhali mtihani. Lakini utafiti uleule una sehemu ambayo wanaokejeli huiruka. Wale dhaifu walipofundishwa mantiki kidogo, walianza kuyaona makosa yao wenyewe na kushusha alama walizojipa. Maana yake ni kwamba uwezo wa kufanya jambo na uwezo wa kuona limefanywa vibaya hukaribiana mno, na kwamba wa pili unaweza kukuzwa. Mtihani hauupimi huo. Mtihani hupima mfumo wa mwaka jana: walimu waliokariri NEMIS sasa wanaletewa KEMIS, mfumo wa kuchukua nafasi yake, vitufe vingine na rangi nyingine, na kilichobaki vilevile ni maswali ya yule mkuu wa siku za Ijumaa.

Wapo watakaosema kwamba mjadala wote huu ni anasa ya watu wa mjini Meru na Embu. Nenda Mbeere, nenda Igembe Kaskazini, watasema, uone kama mwalimu anakosa ujuzi au anakosa umeme na bando. Hapa nakubali zaidi ya nusu. Kati ya 1968 na 1988 yalikamilika mabwawa matano kwenye mto Tana, Kindaruma, Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere, ukingoni mwa Mbeere, na nyaya zikabeba umeme kwenda Nairobi zikipita juu ya vijiji vilivyoendelea kuwasha koroboi kwa miaka mingi. Ni dhulma kumpa mwalimu wa huko alama mbili kati ya tano kwa kutoonyesha video darasani. Ujuzi haukai kichwani mwa mtu peke yake. Sehemu yake iko kwenye nguzo ya umeme na mnara wa simu. Ila hoja hii ikivutwa hadi mwisho humwondolea mwalimu wa Kiritiri, huko Mbeere, heshima ileile inayodai kumpa. Humgeuza mtu wa kusubiri vifaa. Yeye ndiye anayejua siku gani mtandao hupatikana na mlima gani wa kuupandia, kazi gani isingojee kompyuta, na vishikwambi vile vilivyofungiwa kabatini tangu vilipoletwa vinaharibika kwa kukosa chaji au kwa kukosa mtu wa kuthubutu kuvitoa. Wapi pa kuacha teknolojia ni sehemu ya kuijua.

Pingamizi linalonisumbua kweli ni la adabu. Sisi hatukulelewa kujipa alama. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Huko Nchiru, mahali ambapo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kina majengo yake, ndiko pia kuliko makao ya Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Wameru, na hakuna mzee aliyeingia katika baraza hilo kwa kujaza fomu akijipa nne kati ya tano kwa busara. Wengine humtazama, kwa miaka, kisha huamua. Fomu ya kujitathmini inaonekana kuja na dhana ngeni ya mtu anayejiangalia peke yake kwenye kioo. Na kwa kuwa alama hiyo inaweza kumgusa mtu kwenye cheo chake, kioo kimewekwa mbele ya mwenye njaa. Mwanauchumi Charles Goodhart alionya mwaka 1975 kwamba kipimo kikishageuzwa kuwa lengo huacha kupima. Alikuwa akizungumzia fedha za Uingereza, lakini angeweza kuwa akizungumzia alama za TPAD za muhula wa tatu.

Hata hivyo sidhani kwamba adabu hiyo inaukana ujuzi wa kujipima. Inatuambia kwamba kujipima kunataka shahidi. Sehemu bora ya TPAD, kwa maoni yangu, ni ile ambayo mwalimu na msimamizi wake huketi wakalinganisha alama, na ndiyo inayorukwa kwanza watu wakiwa na haraka. Kwa mwalimu anayejiandaa kuongoza, shahidi mwenye habari kamili ni karani, mhasibu au yule mwanagenzi wa vidole vyepesi. Hao ndio wanaojua ni mara ngapi amesaini bila kusoma, ni mara ngapi aliuliza swali lililowafanya warudie kazi, na kama nywila yake wameishika kwa kuaminiwa au kwa kuachiwa tu. Ugumu ni kwamba wote wako chini yake. Mwanagenzi wa miaka 24 hatamwambia mwalimu wake mkuu, mama wa rika la mama yake, kwamba wiki iliyopita yeye, mwanagenzi, alituma alama za Gredi ya 6 kwenye safu ya Gredi ya 5 na hakuna aliyegundua. Atamwambia iwapo tu mama huyo amewahi, mbele ya wote, kusema "hapa nilikosea" bila mbingu kuanguka. Kwa hiyo ujuzi niliouita wa teknolojia unaishia mahali ambapo hakuna teknolojia yoyote: kwenye sauti ya mtu anapouliza, na kwenye kimya cha wanaomjibu.

Tumrudie, basi, mwalimu wa saiba. Kwamba kidole si chake si hoja. Mzee wa mpakani hakuishika kalamu. Linalohukumu ni lililotokea wakati kijana alipoandika kwamba mwalimu huyu hutumia projekta kila wiki katika shule ambayo haina projekta. Kama aliinua macho akasema, "Hapo toa, hatuna," fomu ni yake, na amejitathmini kwa dhati ingawa hakugusa kibao cha herufi. Kama alikuwa anatazama matatu barabarani, ametia doa. Ningependa fomu ya wanaotaka unaibu ipunguzwe hadi swali moja: mara ya mwisho ulipogundua kosa katika kazi iliyofanywa kwa jina lako ilikuwa lini, na ulilijuaje? Najua kitakachotokea. Kufikia muhula wa pili kijana wa Nkubu atakuwa na jibu zuri lililohifadhiwa kwenye kompyuta yake, lenye tarehe na jina la karani, tayari kwa kila mteja, na gharama yake itakuwa bei ya kuchapisha kurasa mbili.